Podi za odometri baada ya msimu mzima: za kununua, za kuchonga wenyewe, na enkoda ya tiki 8192

Odometri ni roboti kujua iko wapi kwa kuhesabu ilivyosogea. Naanza na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Podi za kununua tulizoanza nazo msimu huu, seti yenye podi tatu, nazipa nyota tatu kati ya tano. Enkoda ya REV Through Bore, yani kihisi kinachohesabu mzunguko kwa vipande vidogo vinavyoitwa tiki, nyota nne na nusu. Podi tulizokuja kuchonga wenyewe katikati ya msimu sizipi nyota yoyote, mwamba ngoma huvutia kwake na mi ndo niliezichora, ila ntaeleza zinafanya nini na zimenitesa wapi, mtajihukumia wenyewe.

Kwa ambae hajakutana na hivi vitu, podi ni kile kigurudumu kidogo kisicho na mota kinachokaa chini ya roboti, springi inakikandamiza sakafuni, kinaburutwa tu popote roboti inapoenda na enkoda inahesabu kimezunguka kiasi gani. Wengine wanaita gurudumu mfu manake halisukumi kitu. Na mtu atauliza mbona mota zina enkoda tayari si usome hizo, sisi tulisoma hizo msimu mzima uliopita na tuliteseka. Enkoda ya mota inajua tairi limezunguka, haijui kama roboti imesogea. Mkiwa na mekanamu, yale matairi yenye rola za mshazari, ndo kabisa, zile rola zinateleza kila ukiondoka kwa nguvu, kila ukienda kiupande, na roboti nyingine ikikugonga mota zikiwa zimekaza breki unahama sentimita 20 huku mota zinaapa mko palepale. Kwenye FTC, mashindano ya roboti ya wanafunzi, kipindi cha roboti kujiendesha ni sekunde 30, kwenye FRC, kaka yake mkubwa, hata hazifiki hizo, hakuna muda wa roboti kuanza kujitafuta.

Haya, podi za kununua. Kampuni sitaitaja kwa sababu tatizo ntakalolieleza sio lao peke yao, ni la umbo lenyewe na utalikuta kwa wengi. Zilifika zimeshafungwa, beringi laini, springi iko ndani, waya umechomekwa, ndani ya saa moja tulikuwa tumefunga mbili sambamba kulia na kushoto na ya tatu imekaa mkingamo nyuma. Kwa hilo nawapongeza kwa kweli, timu ya kwanza kabisa kugusa odometri inaweza kupata roboti inayojua iko wapi siku hiyohiyo. Tuliisukuma kwa mkono ikaenda ikarudi, namba kwenye skrini zikarudi karibu na sifuri, tukapiga makofi.

Makofi yaliisha siku mwenzangu alipoegemea kona ya roboti akiwa anaongea na simu. Roboti haijasogea hata unywele lakini skrini inasema imeenda mbele milimita tatu. Akiinuka inarudi. Akiegemea inaenda. Tukadhani ni waya, tukabadilisha waya, tukadhani ni programu, jamaa wa programu akakesha, kumbe ni jiometri tu ya shule.

Podi ya mkono wa kubembea iko hivi: mkono umefungwa kwa egemeo upande mmoja, gurudumu liko mwisho wa mkono, na enkoda imefungwa juu ya mkono huohuo. Enkoda haipimi gurudumu limezunguka kiasi gani ukilinganisha na sakafu, inapima limezunguka kiasi gani ukilinganisha na mkono. Sasa roboti ikishuka kidogo mkono unapinda, gurudumu limetulia chini lakini mkono umezunguka kulizunguka, na enkoda haina namna ya kutofautisha hayo mawili. Piga hesabu na mkono wa milimita 40 na gurudumu la milimita 48: roboti ikishuka milimita 5 mkono unageuka kama digrii 7, na digrii 7 za gurudumu la mzingo wa milimita 150.8 ni kama milimita 3. Ndo zile zile tatu tulizoziona.

Watu wengi watakwambia haina shida maana mkono ukirudi na namba zinarudi, na kwa nusu wako sahihi, kosa halijikusanyi. Ila roboti yetu ina mnara unaopanda, ukipanda uzito unahama, roboti inalalia mbele, na inalalia mbele pale pale mwisho wa njia tunapotaka iwe sahihi kuliko sehemu zote. Alafu kama unatumia podi mbili sambamba kupata uelekeo, yani unachukua tofauti ya kulia na kushoto unagawa kwa umbali kati yao, milimita 3 upande mmoja kwa podi zilizoachana milimita 300 ni zaidi kidogo ya nusu digrii. Roboti inaamini imegeuka, inajirekebisha, sasa ndo inapinda kweli. Hapo ndo nyota mbili zilipopotea.

Tukakaa kuchora za kwetu. Njia ziko tatu nilizozijaribu kwa mikono yangu.

Ya kwanza ni ya kuteleza, gurudumu linapanda na kushuka wima kwenye reli. Kwenye karatasi ndo safi kuliko zote, mkono haupo kwa hiyo kosa la mkono halipo. Kwenye kapeti ilikuwa inakwama. Roboti ikienda kwa kasi gurudumu linavutwa nyuma, kiteleza kinajibana ndani ya reli kama droo ya kabati la zamani ukiivuta kwa pembe moja, na kikishabana gurudumu linabaki juu linaelea. Ukitaka isikwame reli inabidi iwe ndefu kuliko umbali wa gurudumu kutoka kwenye reli, na chini ya roboti nafasi ya urefu huo hatuna. Tukaitupa baada ya wiki.

Ya pili ni ya mikono miwili sambamba, ile pembenne inayolala bila kuzungusha kibebeo cha gurudumu. Hii ni nzuri sana na kama una nafasi ichukue, kibebeo kinabaki kimesimama wima muda wote kwa hiyo enkoda haidanganywi. Shida yake egemeo ziko nne badala ya moja, na kila egemeo ikicheza kidogo gurudumu linayumba kwa upande, za kuprinti zikawa zinacheza zote nne ndani ya mazoezi matatu manne.

Ya tatu ndo tuliyobaki nayo na ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Mkono mmoja wa kubembea kama kawaida, lakini enkoda tumeitoa kwenye mkono tukaifunga kwenye fremu ya roboti, pale pale kwenye mhimili wa egemeo, na gurudumu linaizungusha kwa mkanda mdogo wa meno, puli mbili za meno sawasawa. Nilipoiona mara ya kwanza nikadhani ni mbwembwe. Kumbe ukikaa ukafikiria, mkono ukipinda unazivuta puli zote mbili pembe ileile, na kwa kuwa meno ni sawa kile ambacho mkono unaongeza mkanda unakitoa, puli ya juu inabaki imeelekea palepale ilipokuwa. Enkoda iliyofungwa kwenye fremu inasoma mzunguko wa gurudumu wenyewe, mkono haumo. Tuliegemea kona, tukakaa juu yake karibu, skrini ikabaki sifuri (sawa, ilicheza sehemu za kumi za milimita maana mkono ukipinda gurudumu linasogea mbele kidogo kweli, na hiyo ni haki yake).

Na faida ya pembeni ambayo sikuitegemea, waya wa enkoda hauchezi tena. Kwenye podi za kununua waya ulikuwa unapinda kila mkono ukipanda, na zile konekta ndogo za JST hazipendi kuvutwavutwa, mechi mbili tulizimaliza vipofu kwa sababu ya pini moja iliyochomoka nusu. Sasa waya umekaa kwenye fremu, umefungwa zipu, haugusi kitu.

Angalizo kwa wajanja wenzangu: msiweke puli kubwa na ndogo eti muongeze tiki. Mi nilifanya. Nikaweka meno 30 kwenye gurudumu na 15 kwenye enkoda nikijisifu nimepata maradufu, na kosa la mkono likarudi palepale, maana ule ujanja wa kufutana unafanya kazi meno yakiwa sawa tu. Siku nzima nilikuwa natafuta kilichoharibika na kilichoharibika kilikuwa ni mimi.

Tiki zenyewe hata sio za kuhangaikia. REV Through Bore inatoa tiki 8192 kwa mzunguko, na gurudumu la milimita 48 hiyo ni kama milimita 0.018 kwa tiki moja, chini ya unene wa unywele. Ukiwa na enkoda ya tiki 2000 unapata 0.075, nayo bado inazidi unachohitaji. Kinachokuumiza ni kipenyo. Ukiandika kwenye programu 48 na gurudumu ni 47.5 kwa sababu mpira umeisha au springi imeubana, umekosea asilimia moja, kwenye mita 3 ni sentimita 3, na hakuna wingi wa tiki utakaokuokoa. Kibaya zaidi ni podi mbili sambamba zisizolingana: zikipishana kipenyo kwa milimita 0.1 tu, kwenye mita 3 zinapishana milimita 6, na kwa umbali wa milimita 300 kati yao roboti inaona imegeuka digrii 1.2 wakati imeenda moja kwa moja kama mshale. Kwa hiyo usiamini namba ya kwenye kifungashio. Sukuma roboti kwenye ukingo wa ubao ulionyooka mita 3, mara kumi, kila podi iandikiwe namba yake. Alafu izungushe palepale mizunguko kumi kamili, upate umbali halisi kati ya podi, wala usipime na rula maana rula haijui gurudumu linagusa wapi.

Na kugusa wapi ni habari nyingine. Gurudumu la podi ni omni, yani lenye rola ndogo ukingoni ili liteleze kiupande. Omni ya safu moja ina mapengo kati ya rola, ukisukuma taratibu unasikia inadunda tuk tuk tuk. Ya safu mbili inazungusha laini lakini sehemu inayogusa sakafu inahama kushoto kulia kutoka safu hii kwenda ile. Tulijaribu zote, tukabaki na safu mbili nyembamba. Tofauti ipo ila ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa kuhusu hilo jambo.

Nirudi kwenye enkoda maana nimesema nne na nusu na sijasema kwa nini. Ni ya sumaku kwa hiyo vumbi la kapeti halina habari nayo, na tundu lake linapitisha shafti moja kwa moja, huhitaji kuweka kitu mwisho wa shafti, unaipachika popote katikati. Nusu nyota nimeikata kwa sababu tundu ni pembesita ya inchi nusu na shafti za podi ni nyembamba kuliko hapo, lazima uweke kitu cha kujazia. Chetu cha kwanza tulikiprinti kikawa kinacheza digrii moja hivi. Digrii moja unaiona ndogo, ila kwa gurudumu la milimita 48 ni milimita 0.4 kila roboti ikigeuza mwelekeo, na njia yetu inageuza mwelekeo mara nyingi tu. Tukachonga cha alumini chenye skrubu ya kubana, mchezo ukaisha. Kosa letu, ila mnunuzi ajue hilo linamsubiri.

Jingine tulilojifunza kwa uchungu na pia ni kosa letu la kutosoma maelekezo: kontrola yetu ina soketi nne za enkoda, mbili zinahesabu kwa sakiti maalumu na mbili zinahesabu kwa programu ya ndani. Mota ya kawaida haioni tofauti. Lakini tiki 8192 kwa mwendo wa mita moja na nusu kwa sekunde ni kama tiki 81,000 kila sekunde, na zile soketi mbili za programu zikawa zinaruka tiki kimyakimya. Roboti ikienda polepole sahihi, ikienda kasi inapungukiwa. Na ukiomba kontrola ikupe kasi ya enkoda moja kwa moja, namba yake inaishia 32,767 kisha inageuka hasi, kwa hiyo roboti iko mbio na yenyewe inasema inarudi nyuma. Tulihamisha podi mbili muhimu kwenye soketi nzuri, ya tatu tukaipa kontrola ya pili.

Springi. Hapa ndo niliona timu nyingi zikikosea na sisi tukiwa mbele yao. Mtu anafikiri akikaza zaidi gurudumu litashika zaidi. Litashika, ndio, lakini kila gramu inayobeba podi ni gramu iliyotoka kwenye matairi ya kusukuma. Tulipima kwa mizani ya kuning'iniza, podi za kununua zilikuwa zinasukuma kama gramu 800 kila moja, tatu ni kilo 2.4, roboti yetu ni kilo 15, kwa hiyo tulikuwa tumewanyang'anya mekanamu asilimia 16 ya uzito wao alafu tunashangaa wanateleza. Kwenye zetu tulishusha mpaka gramu 400 hivi. Chini ya hapo gurudumu likaanza kuruka kwenye maungio ya sakafu, tulichora mstari wa chaki ubavuni mwa gurudumu tukarekodi kwa simu mwendo wa polepole ndo tukaona linaelea. Usikisie kitu ambacho simu yako inaweza kukuonyesha. Na usitumie mpira wa bendi kama hutaki kuubadilisha kila wiki, unachoka, na ukichoka upande mmoja kabla ya mwingine roboti inaanza kupinda bila mtu kugusa kitu.

Plastiki: PLA ni ya kujaribia umbo tu. Ikikaa imebanwa na springi siku nyingi inalegea taratibu, egemeo linakuwa yai badala ya duara. PETG imevumilia vizuri zaidi, na kwenye egemeo weka beringi mbili zilizoachana kadiri nafasi inavyoruhusu, ukiweka moja nyembamba gurudumu litayumba kiupande na kuyumba huko kwa podi ya mkingamo ni umbali wa uongo.

Podi ya mkingamo msiisahau kwenye hesabu pia, roboti ikizunguka palepale yenyewe inaburutwa na kusoma mwendo ambao haupo, lazima utoe umbali wake kutoka katikati mara pembe iliyogeuka. Jamaa wa programu aliweka alama ya kujumlisha pale pa kutoa, roboti ikawa kila ikigeuka inadhani imeruka pembeni. Dakika tano kurekebisha, siku mbili kuiona.

Je kuna haja ya haya yote wakati kuna jairo (kihisi kinachopima roboti imegeuka kiasi gani) na kamera? Jairo ndio, sisi uelekeo sasa tunauchukua kwa jairo na podi mbili sambamba zimebaki kuhakiki, na kuna vifaa kama goBILDA Pinpoint vinavyounganisha podi mbili na jairo ndani ya kiboksi kimoja, kwa timu mpya ningeanzia hapo. Kamera na AprilTag, zile alama za mraba zinazobandikwa uwanjani kamera izisome, zimeingia FTC na FRC tangu 2023, zinasaidia kukurudisha ukipotea, ila kati ya tagi na tagi, roboti ikiwa inazunguka na picha imefifia, anaekubeba ni kigurudumu. Kuna pia SparkFun OTOS inayoangalia sakafu kama mausi ya kompyuta, haina gurudumu kabisa, tuliazima moja wikiendi moja na ilinifurahisha, ila sijaipeleka kwenye mechi kwa hiyo nyota zake sina.

Kama uwanja una vitu vya kuvuka fikiria servo, mota ndogo ya kugeuza kwa pembe, ya kuinua podi. Msimu wa FTC wa 2021 hadi 2022, Freight Frenzy, ulikuwa na vizuizi vya mabomba uwanjani na timu nyingi zilizotaka kupita juu zililazimika kukunja podi zao. Zetu hazikunji, nafasi ya chini kutoka sakafuni ni milimita 9, zinagonga kila kitu kilichoanguka uwanjani.

Na nyuzi za kapeti. Zinaingia kwenye rola za omni, zinajizungushia kwenye vishafti vile vidogo, baada ya mechi nne tano rola moja mbili zinagoma kuzunguka na gurudumu linaburuta badala ya kuteleza kiupande. Nimejaribu mafuta, yakavutia nyuzi zaidi. Sa hivi natembea na kibanio chembamba mfukoni na baina ya mechi mnanikuta nimelala chini ya roboti nanyofoa moja moja, kama kuna mtu amepata rola zisizokula nyuzi aniambie.